Kabla Hujafuata Ushauri wa Kuuza Mtandaoni

Ushauri wenyewe unajulikana. Posti kila siku, ikiwezekana mara tatu. Tafuta wafuasi. Jaza hashitagi. Fuata kinachotrendi. Fungua akaunti Instagram, TikTok na Facebook, usiache hata mtandao mmoja. Toa zawadi kwa atakayetaja marafiki watano kwenye komenti. Muuza vitenge wa Kariakoo ameusikia, mpishi wa keki wa Tabata ameusikia, fundi makochi wa Keko ameusikia. Wengi wameufuata kwa bidii mwaka mzima: wamenunua bando, wamelipia matangazo, wamepata laiki, na mauzo yamebaki pale pale. Halafu wanaambiwa hawakujitahidi vya kutosha.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Mtu aliyechomoa hela kwenye mtaji mdogo ili aufuate ushauri hapaswi kuanza kujilaumu kabla hajauliza kama ushauri huo ulimhusu. Sehemu kubwa ya ushauri huu inajibu swali moja tu: nifanyeje nionekane? Biashara ndogo nyingi za kwetu tayari zinaonekana. Zinawapoteza wateja baadaye, kati ya kuonwa na kulipwa, na huko washauri hawafiki.

Anayekushauri anauza nini?

Chukua mtu anayefundisha namna ya kukuza akaunti. Bidhaa yake ni somo la video au kitabu cha kutuma kwa simu. Mnunuzi anaweza kuwa Mwanza, Mombasa au Muscat. Analipa kwa simu, mzigo unafika dakika hiyo hiyo, haumwagiki wala hauchelewi. Kwa mtu huyo kila mfuasi anayeongezeka ni mteja anayewezekana, na ndiyo maana anahubiri wafuasi kwa moyo wote.

Keki ya ngazi tatu haipandi basi la Mwanza. Mpishi wa Tabata anawahudumia watu wa Tabata, Segerea, Buguruni, na Ubungo siku ambayo foleni si mbaya. Wafuasi 10,000 waliotapakaa nchi nzima watamsifia picha, lakini wanaoweza kumpigia simu Alhamisi wakachukua keki Jumamosi ni wachache. Wafuasi 200 wanaokaa karibu naye, wenye watoto wanaotimiza miaka na ndugu wanaooa, wana faida kwake kuliko hao wote.

Ushauri mwingine umetoka kwenye kampuni kubwa. Kampuni ya soda ikikukumbusha jina lake imemaliza kazi, kwa sababu soda yenyewe iko kwenye kila kioski, imeshapoa. Wewe ukikumbukwa jina wakati duka lako liko ghorofa ya tatu, kwenye kichochoro ambacho hata bodaboda anakiulizia, bado hujauza kitu.

Kisha kuna ushuhuda. Dada aliyeposti kila siku akafanikiwa anaalikwa kwenye semina aeleze siri yake. Dada aliyeposti kila siku kwa muda ule ule, kisha akafunga duka, haalikwi popote. Sisi tunaokaa kwenye viti tunamsikia mmoja tu, tunatoka tukiamini kwamba kuposti kila siku ndiko kulikomwinua. Huenda kilichomwinua ni shangazi anayemletea mzigo kwa bei nzuri, au ni duka kuwa jirani na kituo cha daladala. Yeye mwenyewe anaweza asijue.

Ushauri nao huchakaa

Facebook ilipoanzisha kurasa za biashara mwaka 2007, kupata mfuasi kulikuwa na maana kubwa: uliloandika lilikuwa na nafasi nzuri ya kumfikia. Hali hiyo haipo tena. Juni 2014 Brian Boland, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa matangazo Facebook, aliandika wazi kwamba maudhui yamekuwa mengi mno, na kwa hiyo machapisho ya kurasa yanawafikia wafuasi wachache kuliko zamani. Machi 2016 Instagram ilitangaza kuacha kupanga picha kwa kufuata muda, programu ikaanza kuamua nani aone nini kwanza. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba Facebook itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya yale ya biashara. TikTok nayo imejengwa hivi kwamba mtu huletewa video za watu asiowafuata kabisa.

Kwa hiyo idadi ya wafuasi inayosomeka juu ya ukurasa wako haikuambii ni wangapi watakaoliona tangazo la kesho. Hashitagi ni hivyo hivyo. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, amesema hadharani kwamba haziongezi sana idadi ya wanaofikiwa, lakini bado watu wanauziwa orodha ndefu za hashitagi za kunakili na kubandika.

Na hata anayeliona na kulipenda hajasema atanunua. Mwaka 2017 watafiti Leslie John, Daniel Mochon, Oliver Emrich na Janet Schwartz walichapisha katika jarida la Harvard Business Review matokeo ya majaribio 23 yaliyohusisha watu zaidi ya 18,000. Waliona kwamba kubofya laiki kwenye ukurasa wa bidhaa, peke yake, hakumfanyi mtu anunue zaidi. Wanaolaiki mara nyingi ni watu ambao tayari walikuwa wakiipenda bidhaa hiyo. Laiki ilikuja baada ya mapenzi, haikuyaleta.

Zawadi zina tatizo hilo hilo kwa ukubwa zaidi. Ukitangaza simu ya bure, utawakusanya wanaotaka simu ya bure. Wakishajua aliyeshinda ni nani, wanaondoka, au wanabaki kama namba tu.

Mteja anapotelea wapi

Hapa ndipo ningependa kila mwenye biashara akae na simu yake. Fungua mazungumzo ya mwezi uliopita, yale yaliyoishia bila mauzo, uyasome kama vile wewe ndiye mteja. Utakuta yanayofanana na haya:

“Habari dada, hiki kijora cha zambarau bei gani?”

“Karibu mpendwa, njoo DM.”

Mteja anakwenda DM, anaandika “Habari.” Saa nne zinapita.

“Karibu mpendwa.”

“Kile kijora cha zambarau.”

“Jumla au rejareja?”

“Kimoja tu. Nipo Mbagala.”

“18,000. Delivery 5,000.”

“Naweza kulipa nikikipokea?”

“Hapana mpendwa, unalipia kwanza.”

Kimya.

Muuzaji huyu akimweleza mshauri kwamba mauzo hayaendi, ataambiwa aongeze video. Lakini mteja alishaona, alishapenda, aliuliza mwenyewe na alitaja hadi mtaa anaokaa. Kazi ya kuonekana ilikwisha kwenye mstari wa kwanza. Yaliyofuata ndiyo yaliyomtoa.

La kwanza ni bei. Kuna wanaoficha bei ili washindani wasiione, na kuna waliofundishwa kwamba maswali mengi kwenye komenti huifanya programu ilisambaze chapisho. Lakini mtu mwenye 20,000 mfukoni akikosa bei anadhani kitu hicho si cha saizi yake, au anaamini bei inapangwa kwa kuangalia sura ya mteja. Anahamia kwa jirani aliyeandika bei. Kama bei yako hubadilika, andika inapoanzia: “kuanzia 18,000.” Mshindani wako akitaka kuijua ataijua tu; atamtuma mdogo wake aulize.

La pili ni zile saa nne. Anayetafuta kijora cha sherehe ya Jumamosi hamsubiri mtu mmoja; ameuliza kwenye maduka matatu kwa mpigo. Kama huwezi kushika simu kutwa kwa sababu uko jikoni au kwenye cherehani, WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018 na ni ya bure, inakuruhusu kuweka ujumbe unaojituma wenyewe ukiwa hupo, majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia, na katalogi yenye picha na bei. Ujumbe wa kujituma uwe wa kweli: “Tunajibu saa 7 mchana na saa 12 jioni.” Mteja aliyeambiwa muda husubiri, asiyeambiwa huondoka.

La tatu ni uaminifu, nalo ndilo zito kuliko yote. Watanzania na Wakenya wengi wameshatapeliwa mtandaoni, au wana ndugu aliyetapeliwa. Mtu akisikia “unalipia kwanza” anamkumbuka yule aliyelipia viatu akaletewa kandambili, au hakuletewa kitu kabisa. Video za kucheza hazitamtoa hofu hiyo. Kuna mambo madogo yanayoitoa. Mteja anapoingiza namba ya kulipia, simu humwonyesha jina la mpokeaji kabla malipo hayajakamilika. Kama ukurasa unaitwa jina la dada na simu inamletea jina la mwanamume asiyemjua, atasita, na ana haki ya kusita. Sajili lipa namba kwa jina la biashara. Eleza duka lilipo kwa alama ambayo mtu anaijua: mtaa, jengo, ghorofa, kilicho jirani. Hata asipokuja, anajua pa kuja. Piga picha ya mzigo wenyewe ulio nao mkononi, achana na picha za kuokota mtandaoni. Kwa wa mikoani, mtumie picha ya risiti ya basi mara tu unapokabidhi kifurushi. Na kwa mteja mpya, fikiria kupokea nusu kwanza na nusu akipokea.

La nne ni ile 5,000 ya kupeleka, juu ya nguo ya 18,000. Ni zaidi ya robo ya bei. Ungeweza kupanga siku moja ya wiki kwa Mbagala na siku nyingine kwa Tegeta, bodaboda mmoja akabeba mizigo ya watu watano au sita na gharama ikagawanyika. Mabadiliko kama hayo yanaweza kukuletea wateja wengi kuliko matangazo ya mwezi mzima, na sijawahi kuyasikia kwenye semina ya masoko ya mtandaoni.

Pale ambapo kuonekana kunadhuru

Kuna biashara ambazo hazina shida ya wateja hata kidogo. Fundi cherehani ambaye kila Desemba anazima simu kwa sababu nguo za watu hazijaisha ana wateja wengi kuliko anavyoweza kuwahudumia. Akimsikiliza anayemwambia ajitangaze zaidi, atapokea vitambaa vingine 30, atachelewesha 20, na watu 20 watakwenda kusimulia kwenye kikoba na kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa. Fedha aliyotaka kuiweka kwenye tangazo ingemsaidia kumlipa msaidizi wa kukata na kupiga pasi, au kununua cherehani ya pili. Kabla ya kutangaza, jiulize: wakija watu 20 zaidi wiki ijayo, nitawahudumia vipi? Kama jibu halipo, tangazo lisubiri.

Muda nao ni gharama, ingawa hauandikwi popote. Anayeoka, kupamba na kupeleka keki mwenyewe hana nafasi ya video tatu kwa siku bila kuiba saa za kuoka au za kulala. Mteja naye anatazama kwa bando lake. Video ndefu inayokawia kutaja bei inamlia hela kabla hajajua kama anaimudu.

Sisemi mitandao haina kazi. Mwenye vitenge, mawigi au mapambo, bidhaa ambayo picha inaiuza na basi linaibeba, anaweza kupata wateja ambao duka lake lisingewafikia kamwe. Ninachosema ni kwamba ushauri mmoja haumvai kila mtu, na namna ya kujua kama unakuvaa ni kupima.

Daftari na kikokotoo

Nunua daftari gumu, lile la kaunta. Chora safu nne: mteja alisikia wapi, aliuliza nini, alilipa au hakulipa, na kama hakulipa aliishia wapi. Kila anayeuliza, dukani au kwenye simu, muulize kwa upole: “Ulitupata wapi?” Watu hujibu bila kinyongo. Fanya hivyo mwezi mzima kabla ya kubadili chochote.

Kisha njoo kwenye matangazo ya kulipia, na hesabu zako ziwe mezani. Tuseme mpishi wetu anauza keki kwa 45,000. Unga, mayai, siagi, sukari, gesi na boksi vinamla 28,000, anabaki na 17,000. Analipia tangazo la 10,000 kwa siku kwa siku tano: 50,000. Zinaingia meseji 40, watu sita wanauliza tarehe, wawili wanalipa. Amepata 34,000 kwa tangazo la 50,000. Amepoteza 16,000, na hapo hajahesabu muda wa kujibu meseji 40. Ili fedha irudi tu, alihitaji keki tatu. Anayepima kwa meseji ataliita tangazo hilo ushindi.

Hesabu hiyo inaweza kugeuka. Kama mmoja wa wale wawili atarudi kwa kipaimara cha mtoto na tena kwa harusi ya mdogo wake, tangazo limejilipa. Lakini hilo linajulikana kwa daftari pekee, tena kwa daftari lililotunzwa miezi kadhaa.

Ukilipia, angalia pia ulichokiomba. Facebook na Instagram hukuuliza lengo la tangazo. Ukichagua laiki na komenti, programu itawatafuta watu wenye kawaida ya kulaiki. Ukichagua meseji, itawatafuta wenye kawaida ya kuandika. Chagua na eneo. Hakuna sababu ya mwenye mgahawa wa Sinza kulipia tangazo lionwe Kigoma.

Na mara moja moja, zima. Mwaka 2012 wachumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis walifanya jaribio katika eBay, kampuni iliyokuwa ikitumia fedha nyingi kulipia matangazo kwenye mitambo ya kutafutia. Walizima matangazo yaliyojitokeza mtu anapotafuta jina la eBay kwenye mitambo ya Yahoo na Microsoft, wakayaacha ya Google. Karibu watu wote waliokuwa wakipita kwenye tangazo waliingia hivyo hivyo kupitia matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Kampuni ilikuwa ikilipia watu waliokuwa tayari njiani. Matangazo hayo hayakuwa ya Instagram, lakini jaribio lenyewe unaweza kulifanya na duka lako: wiki mbili kwa tangazo, wiki mbili bila, katika kipindi kisicho na sikukuu wala ada za shule, na daftari likiwa wazi. Kama mauzo hayabadiliki, umeokoa fedha.

Wateja ulio nao

Kujenga biashara yote juu ya akaunti moja ni kujenga kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Januari mwaka huo huo, kuelekea uchaguzi, serikali ya Uganda iliifunga Facebook, na waliokuwa wakiuza humo wakalazimika kutafuta njia nyingine. Akaunti pia huibiwa, na kuirudisha kunaweza kuchukua wiki nyingi.

Kwa hiyo orodha ya wateja iwe mkononi mwako, kwenye daftari au kwenye simu: jina, namba, alichonunua, na tarehe. Omba ruhusa kabla ya kuandika namba ya mtu na kumtumia matangazo. Huo ni ustaarabu, na pia ni sheria: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Anayesema hapana, mfute, na usimwingize kwenye grupu bila kumuuliza.

Mteja naye aombwe kuihifadhi namba yako. Kwenye WhatsApp, asiyekuhifadhi haoni stetasi yako wala hapati ujumbe unaoutuma kwa wengi kwa mpigo. Unaweza kudhani umewatangazia watu 200 kumbe waliopata ni 40. Namna rahisi ni kumwambia wakati unamkabidhi mzigo, uso kwa uso, simu yake ikiwa mkononi.

Halafu mwandikie kwa jambo linalomhusu. Mpishi wa keki akiwa na tarehe za kuzaliwa za watoto wa wateja wake, siku kumi kabla anaweza kuandika: “Habari za siku mama Irene. Irene anatimiza miaka sita tarehe 14. Mwaka jana alichukua ya chokoleti kilo mbili. Nikuwekee nafasi Jumamosi hiyo?” Ujumbe huo hauhitaji hashitagi, na anaupokea mtu aliyekwisha kula keki hiyo akairidhia.

Na mshauri akija tena na orodha yake, muulize maswali matatu: amewahi kumsaidia nani anayeuza kitu kama chako, kwa wateja wa eneo kama lako? Mafanikio aliyapima kwa laiki au kwa fedha iliyobaki baada ya gharama zote? Na yuko tayari kulipwa sehemu ya ada yake baada ya mwezi, mkishalifungua daftari pamoja?